Moyo wa Mtoto Hauagizwi katika Sanduku

Ni desturi yetu sisi walimu, tukiona dawa imeponya watoto katika nyumba ya jirani, kuomba chupa ile ile na kuwanywesha watoto wetu, wala hatuulizi kwanza kama ugonjwa ni mmoja. Desturi hiyo nataka kuishitaki leo mbele ya wasomaji wa gazeti hili, nami nitaishitaki kwa habari za nchi ya mbali, yaani Uchina, na shule zake za watoto wadogo, zile tuziitazo chekechea. Msomaji akiniuliza, "Ya Uchina yatuhusu nini?" nitamjibu kwamba mwaka 2023 watoto zaidi ya milioni 40 walikuwa katika shule hizo, na jambo litendwalo kwa watoto milioni 40 si jambo dogo kwa mtu ye yote ashikaye chaki.

Kwanza na tuieleze elimu yenyewe, maana si haki kushindana na neno kabla ya kulifahamisha. Huko Marekani, mwaka 1994, wataalamu kadha wa kadha waliunda chama kiitwacho CASEL. Hao walishika neno hili, ya kwamba shule haina ruhusa ya kumfundisha mtoto kusoma na kuhesabu tu, huku ikiuacha moyo wake uote wenyewe kama magugu. Kazi ya kuulima moyo wakaiita elimu ya kijamii na kihisia, nayo wameigawa matawi matano: mtoto aitambue nafsi yake, ajitawale, aitambue mioyo ya wenziwe, ajue kufanya urafiki na kukaa na watu, na achague la kutenda kwa busara. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliokusanya mipango 213 ya namna hiyo, yenye wanafunzi 270,034, tangu watoto wa chekechea hata vijana wa sekondari. Ilionekana kwamba waliofundishwa hivyo walikuwa na mwenendo mwema kuliko wenzao, tena hata katika masomo walipanda: kama wanafunzi 100 wangepangwa safu moja kwa maksi zao, yule wa katikati angewapita wengine 11.

Hayo siyapingi. Mwalimu aliyekaa na watoto mwaka mmoja tu ajua kwamba mtoto mwenye hasira hasikii herufi, na mtoto mwenye hofu hahesabu. Ninalolipinga ni namna elimu hiyo iingizwavyo katika chekechea za Uchina na watu wenye haraka. Hao hushika kitabu cha Kimarekani, wakakifasiri kwa Kichina, wakampaka mtoto wa pichani nywele nyeusi, wakalifuta jina la John na kuandika jina la Kichina, mkate wakaugeuza wali, kisha husema, "Tumekwisha kuirekebisha." Hiyo si kurekebisha, ni kumvika mgeni kanzu. Mgeni aliyevikwa kanzu angali mgeni, na siku atakapofumbua kinywa watu watamjua.

Tena haraka hiyo ina sababu yake. Watoto wazaliwao Uchina wamepungua sana katika miaka ya karibuni. Mwaka 2022 nchi ilikuwa na chekechea 289,200. Mwaka 2023 zilibaki 274,400. Shule zaidi ya 14,000 zilipungua katika mwaka mmoja! Mwenye shule aonaye viti vyake vikikaa vitupu ana kila sababu ya kutafuta kitu cha kuwavuta wazazi, na sanduku lenye jina la kigeni, lenye vikaragosi na kadi za rangi, ni kitu kizuri cha kuweka dirishani. Lakini moyo wa mtoto hauagizwi katika sanduku.

Wachina wenyewe, kama wangesoma habari za kale zao, wasingehitaji kufundishwa neno hili na mtu mwingine. Chekechea ya kwanza ya serikali ilifunguliwa mwaka 1903 mjini Wuchang, katika jimbo la Hubei, na walimu wa Kijapani wakaajiriwa kuiendesha. Wamisionari nao walifungua zao, wakaleta nyimbo za kwao, na michezo ya kwao, na utaratibu wa kwao. Basi mwaka 1926 mwalimu Tao Xingzhi, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amesoma Marekani katika Chuo Kikuu cha Columbia, alitoa shauri la kuanzisha chekechea za mashamba. Humo alisema kwamba chekechea za nchi yake zinaugua maradhi matatu: maradhi ya ugeni, kwa kuwa piano ni ya kigeni, nyimbo ni za kigeni, hata vitafunwa ni vya kigeni, maradhi ya kupoteza fedha, kwa kuwa vitu hivyo vyote hununuliwa kwa gharama kubwa, na maradhi ya utajiri, kwa kuwa wawezao kulipa gharama hizo ni wenye mali peke yao. Hakuishia kusema. Mwaka 1927 chekechea ya mashamba ilifunguliwa Yanziji, karibu na Nanjing, kwa ajili ya watoto wa wakulima.

Mwenzake alikuwa Chen Heqin, naye aliyesoma Columbia. Huyu alipozaliwa mtoto wake wa kwanza mwaka 1920, alikaa naye na kumwangalia siku 808, akaandika na kupiga picha: alicheka lini, alilia kwa nini, aliogopa nini, aliiga nini. Mwaka 1923 alifungua chekechea ya Gulou mjini Nanjing katika nyumba yake mwenyewe, ili apime kwa macho yake ni lipi lifaalo watoto wa Kichina na lipi lisilofaa. Naomba msomaji aikumbuke hesabu hiyo ya siku 808. Mtu huyu alikuwa na vitabu vya Amerika kabatini, wala hakuvichoma moto. Lakini alimtazama mtoto kwanza, ndipo akavifungua vitabu. Wa leo hufungua vitabu kwanza, na wengine hawamtazami mtoto kabisa.

Sasa nitaonyesha kwa mambo yenyewe mahali ambapo kanzu ya mgeni hupasuka.

La kwanza ni nyuso. Karibu kila mpango wa elimu hii huanza kwa kadi za nyuso: huyu ana furaha, huyu ana huzuni, huyu ana hasira. Uso wa furaha katika kadi hizo mara nyingi una kinywa wazi na meno yote nje. Je, hiyo ndiyo furaha kwa watu wote? Mwaka 2007 mtaalamu Jeanne Tsai na wenzake walichapisha uchunguzi wa vitabu vya hadithi vya watoto vya Marekani na vya Taiwan. Waliona kwamba vitabu vya Marekani vina vicheko vya shangwe zaidi. Tena watoto wadogo wa Marekani wenye asili ya Ulaya walipenda uso wa shangwe kuliko walivyoupenda watoto wa Taiwan, nao waliuhesabu uso huo kuwa wenye furaha zaidi. Taiwan si Uchina Bara, najua, lakini swali ni lile lile katika nyumba za Kichina za pande zote mbili. Mtoto aliyelelewa kuona furaha katika utulivu, akionyeshwa kadi ya meno na kuambiwa kwamba hiyo ndiyo furaha, hakufundishwa kuujua moyo wake. Amefundishwa kuusoma moyo wa mtu mwingine na kuuita wake.

La pili ni maneno. Mpango humtaka mtoto aseme, "Mimi nina hasira, kwa sababu fulani amenitenda hivi." Mwaka 2001 mtaalamu Qi Wang alichapisha uchunguzi wa akina mama wa Marekani na wa Beijing wakizungumza na watoto wao juu ya mambo yaliyowapata pamoja. Mama wa Kimarekani alipenda kueleza sababu ya moyo wa mtoto: ulihuzunika kwa kuwa jambo hili lilikuwa hivi. Mama wa Kichina alipenda zaidi kutoa funzo: ulitenda vile, haikuwa vizuri, wakati mwingine utafanyaje? Haya ni malezi mawili, na kila moja lina mapenzi ndani yake. Basi mwalimu wa chekechea akisimama na kadi yake, akaanza kuhoji habari za moyo kama kwamba nyumbani mtoto hajapata kuambiwa neno lo lote juu ya moyo, amelidharau nusu ya lile ambalo mtoto amekuja nalo. Wahenga wamesema, usiache mbachao kwa msala upitao.

La tatu ni nafsi na kundi. Matawi yale matano huanza kwa nafsi: ajitambue, ajitawale. Lakini mtoto wa chekechea ya Kichina hukaa shuleni mchana kutwa, hula hapo, hulala hapo adhuhuri, katika darasa ambalo sheria za shule hizo huliruhusu kuwa na watoto 25 wa miaka mitatu, au 30 wa miaka minne, au 35 wa miaka mitano. Maisha yake yote ya mchana ni maisha ya kundi. Wizara ya Elimu ya Uchina na UNICEF waliona jambo hilo. Walipoanza mwaka 2011 kupeleka elimu hii katika shule za msingi za majimbo kadha ya magharibi, hawakuyachukua matawi matano kama yalivyo. Waliweka mambo matatu, nafsi, wenzio na jamii ya pamoja, na katika kila moja wakaweka kujua na kutawala; yakawa sita. Hilo nalisifu. Ni tendo la watu waliofikiri. Walakini ni shina la kurasa za shule za msingi, na mtoto wa miaka minne hali kurasa. Kuongeza neno "jamii" katika orodha si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kujua jamii hiyo hufanya nini saa nne asubuhi watoto 30 wanapogombania kikaragosi kimoja.

Nitatoa mfano mmoja wa jamii hiyo ikifundisha kwa njia yake. Katika kitabu cha mwaka 2009 cha Joseph Tobin na wenzake, ambao walipiga picha za sinema katika chekechea za Uchina, Japani na Marekani, yumo mtoto mmoja wa Shanghai aliyesimama mbele ya darasa akasimulia hadithi, ili apate kuitwa mfalme wa hadithi. Alipokwisha, wenziwe walipiga kura, kisha wakamwambia makosa yake waziwazi. Mgeni akiona hayo hushituka na kusema, "Mtoto huyu anavunjwa moyo!" Lakini swali la haki ni hili: je, mtoto aliyejifunza kusikia makosa yake kutoka kwa rafiki, akarudi kuketi, na kesho akajaribu tena, hakujifunza kujitawala? Mpango utokao ng'ambo usio na nafasi kwa somo kama hilo utalifuta, na mahali pake utaweka kupiga makofi kwa kila mtu. Na mpango wenye akili utaliacha, lakini utamfundisha mwalimu kuuangalia uso wa yule msimuliaji, ajue siku ambayo makosa yametosha.

Hata hapa natazamia kwamba baadhi ya wasomaji wananyanyua vichwa na kusema, "Vema, basi Wachina waache mambo haya ya kigeni na washike adabu za wazee wao." Ndugu zangu, msinishike mkono na kunipeleka huko. Hao nao nina neno nao, tena ni zito kuliko la kwanza.

Yuko mtu mashuhuri wa kale, Kong Rong, aliyeishi tangu mwaka 153 hata 208. Kila mtoto wa Kichina ameambiwa kwamba Kong Rong, alipokuwa na miaka minne, aliwaachia ndugu zake mapeasi makubwa, yeye akachukua dogo. Hadithi ni nzuri. Lakini mwaka 2012 ilienea Uchina kote habari ya mtoto wa darasa la kwanza aliyeulizwa katika karatasi ya shule, kama wewe ungekuwa Kong Rong ungefanya nini. Naye akajibu kwamba yeye asingeliacha peasi. Mwalimu akamtia alama ya kosa. Watu wengi wakabishana: wengine wakasema mwalimu ametenda haki, wengine wakasema mtoto amesema kweli. Mimi nasema hivi: siku ile ilipotiwa alama ile, mtoto hakufundishwa ukarimu. Alifundishwa kwamba mwalimu akiuliza habari za moyo wako, usimpe moyo wako, mpe jibu. Naye atalishika funzo hilo maisha yake yote, maana watoto hushika upesi yale yatakayowaokoa na aibu.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe, na ndipo hoja yangu yote inaposimama. Wa sanduku na wa hadithi ya peasi hushindana, lakini wote wawili wana karatasi ya majibu mkononi. Mmoja ataka mtoto aseme, "Nina hasira." Mwingine ataka mtoto aseme, "Nitamwachia ndugu yangu." Hakuna hata mmoja aliyengoja kumsikia mtoto. Na mtoto, ambaye ni mwerevu kuliko wote wawili, atawapa kila mmoja neno alitakalo, kisha atakwenda nyuma ya ukuta na kumpiga mwenzake.

Tena wale wasemao kwamba adabu za kale zatosha, husahau kwamba Uchina yenyewe si ile ya kale. Kwa miaka 35 hivi, tangu mwaka 1980 hata mwisho wa mwaka 2015, sheria ya nchi iliwafanya wazazi wengi wa mijini kuzaa mtoto mmoja tu. Kong Rong alikuwa na ndugu wa kumwachia peasi. Hao wengi hawakuwa na ndugu. Na wengi wao leo ni wazazi wanaowapeleka watoto chekechea. Pia kuna uchunguzi wa Xinyin Chen na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005. Waliwatazama watoto wa shule wa Shanghai katika miaka mitatu mbalimbali: 1990, 1998 na 2002. Mwaka 1990 mtoto mwenye haya alipendwa na wenzake na kusifiwa na walimu, kwa kuwa haya ilihesabiwa kuwa adabu. Mwaka 2002 mtoto mwenye haya ile ile alikuwa akikataliwa na wenzake na kuingiwa na huzuni. Mji ni ule ule, lugha ni ile ile, miaka ni 12 tu! Basi mtu asituambie, "Desturi ya Wachina ni hii," kana kwamba desturi ni mwamba. Desturi ni mto. Mtu huteka maji ya leo.

Na tusiwasahau walio mbali na Shanghai. Mwaka 2016 serikali ya Uchina ilihesabu watoto wa mashamba milioni 9.02, wenye umri chini ya miaka 16, walioachwa vijijini wazazi wao walipokwenda kufanya kazi mijini. Na wengi wao walikuwa wakilelewa na babu na bibi. Tumfikiri mtoto wa miaka mitano katika milima ya Guizhou, ambaye mama yake yuko kiwandani Guangdong na huja nyumbani mara moja kwa mwaka. Mwalimu amfungulia kadi iliyofasiriwa: "Mama anapokuja kukuchukua jioni, moyo wako huwaje?" Atajibu nini mtoto huyu? Aliyeitunga kadi ile hakuwa mwovu, hakumfikiri tu. Walakini mtoto huumia vilevile, kama ameumizwa na mwovu au na asiyefikiri. Wala hadithi ya peasi haitamsaidia, maana jambo lililo moyoni mwake si peasi.

Basi lipi lifanyike? Sipendi maneno ya kubomoa yasiyo na ya kujenga.

Neno la kwanza: mwalimu aanze kwa kuangalia. Sisemi kila mmoja aangalie siku 808 kama Chen Heqin. Mwezi mmoja watosha kuanza: aandike kila jioni magomvi matatu ya siku ile, yalianzaje, nani aliyanyamazisha, na kwa neno gani. Katika mwezi atakuwa na magomvi zaidi ya 60 ya watoto wake mwenyewe. Hicho ndicho kitabu chake cha kwanza cha elimu hii, nacho hakiuzwi dukani. Hapo kitabu cha Kimarekani kitamfaa kweli, kwa kuwa atakuwa na maswali ya kukiuliza.

Neno la pili: elimu hii isipewe saa yake peke yake, bali iingie katika mwendo wa siku. Chekechea za Uchina zina kitu ambacho shule nyingi za ng'ambo zingekitamani, nacho ni siku nzima ya maisha ya pamoja. Kuna watoto wa zamu, wagawao mabakuli na vijiko mezani. Mtoto wa zamu akikosea na kumnyima mwenzake kijiko, hapo yapo matawi yote matano na yale sita pia, na uji ungali moto. Kuna saa ya kulala, mtoto mmoja asiyepata usingizi akiwaamsha wengine. Kuna saa ya jioni langoni, bibi akija kumchukua mjukuu. Katika wilaya ya Anji, jimbo la Zhejiang, watoto huachiwa ngazi, mbao na mapipa, wakajijengea na kurukia wenyewe, walimu wakikaa kando na kutazama. Kisha watoto huchora waliyoyacheza na kuyazungumza. Hapo hofu na ushujaa hufundishwa na ubao ulio juu ya mapipa mawili. Hiyo ni kazi iliyozaliwa Uchina, katika wilaya ya mashamba.

Neno la tatu: babu na bibi waitwe ndani. Wachina wana neno "guan", lenye maana ya kutawala na pia ya kutunza kwa mapenzi. Mtaalamu Ruth Chao alieleza mwaka 1994 kwamba ukali wa mzazi wa Kichina haufahamiki vema pasipo neno hilo. Mpango usemao, "Mzazi asiamrishe, azungumze tu," humtoa bibi nje ya mlango. Afadhali kumwuliza bibi, "Mtoto alipokuwa na hofu usiku, wewe ulimwambiaje?" Mengine atakayosema yatafaa, na mengine hayatafaa, yasiyofaa na tuyazungumze naye kwa heshima, si nyuma ya mgongo wake.

Neno la nne, na hili ndilo nalishika kwa mikono miwili: kusiwe na alama. Mwongozo wa Wizara wa mwaka 2012 juu ya watoto wa miaka 3 hata 6 umeweka nyanja tano za kujifunza, na mojawapo ni ya jamii, yenye sehemu mbili: kuingiana na watu, na kuizoea jamii. Sheria mpya ya elimu ya watoto wadogo, iliyopitishwa Novemba 2024 na kuanza kutumika tarehe 1 Juni 2025, imekataza chekechea kufundisha masomo ya shule ya msingi. Kiwanja kimefyekwa basi. Ingekuwa hasara kubwa kuiondoa hesabu mlangoni na kuuingiza moyo kwa dirisha kama somo lenye maksi: mtoto huyu amepata nyota nne katika huruma, yule nyota mbili. Huruma yenye nyota ni kazi ya kuajiriwa.

Iko hoja moja ya wapinzani ambayo sina budi kuijibu, maana ni ya watu wenye akili. Wasema: "Mipango ile ilipimwa kama ilivyo. Mkiipangua na kuipanga upya, ushahidi wake hauwasimamii tena." Najibu: kweli, hausimami. Lakini nani aliyewaambia kwamba ulikuwa umesimama? Katika ile mipango 213 iliyo mingi sana ilikuwa ya Marekani. Shahidi aliyeona jambo la Marekani ameshuhudia jambo la Marekani. Mkiichukua mipango ile bila kuigeuza hata herufi, mkaiweka mbele ya watoto 35 huko Yunnan, tayari mmekwisha kuigeuza, kwa kuwa mmegeuza watoto. Njia iliyo nyofu ni kurekebisha kwa uangalifu, kisha kupima upya pale pale, na kutangaza matokeo hata kama yanatia aibu.

Nami namaliza kwa kuwaambia walimu wa pande zote. Serikali ya Uchina imeanza, tangu vuli ya mwaka 2025, kuondoa ada ya mwaka wa mwisho katika chekechea za umma. Kwa hiyo mlango umefunguliwa zaidi kwa mtoto wa mkulima, yule ambaye Tao Xingzhi alimtetea karibu miaka mia iliyopita. Mtoto huyo ataingia na moyo wake mzima, wenye hofu zake, na wivu wake, na mapenzi yake kwa bibi yake, na hamu yake ya mama aliye mbali. Ataangalia kwanza uso wa mwalimu, ajue kama hapa ni mahali pa kusema kweli au ni mahali pa kutoa majibu. Akiona kadi na maksi, atatoa majibu. Wala tusimlaumu miaka 20 baadaye, atakapokuwa mtu mzima mwenye maneno mazuri kinywani na asiyejua la kufanya na hasira yake. Maana mwana umleavyo ndivyo akuavyo.